Sura ya Sita: Bwawa la Nyumbani, Kibali Chake na Uzio Wake

Mabwawa ya kuogelea yanayosimamishwa juu ya ardhi, yale ya turubai nene na nguzo za chuma, yalibuniwa kwa viwanja tambarare na jua kali. Mgwashi haina wingi wa kimojawapo. Ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Bumbuli, milimani Usambara, nyumba zimekaa miteremkoni, na mwezi wa Julai ukimwambia mtu aingie majini kwa starehe atakuuliza kama u mzima. Lakini mabwawa ya nyumbani si kitu kigeni milimani: yapo ya perege, yapo ya kumwagilia kabichi na nyanya, yapo ya kukinga maji ya paa. Mtoto wa miaka miwili hajui bwawa la starehe wala la samaki, anaona maji tu. Kwa hiyo hapa nayazungumza yote kwa pamoja.

Tuanze na uzito, maana ndio unaosahaulika. Bwawa la duara lenye kipenyo cha mita 4, maji yakifika kina cha mita 1, hubeba lita 12,500 na ushei. Hizo ni ndoo kubwa za lita 20 zaidi ya 600, tani 12 na nusu zilizokaa mahali pamoja. Kiwanja cha mlimani huwa kimechongwa: upande wa juu umebaki udongo mgumu, upande wa bondeni ni kifusi kilichotolewa juu kikamwagwa chini. Masika yakiingia, kifusi hudidimia. Bwawa likiinama sentimita chache, maji yote yanaegemea bondeni, na bondeni ndiko liliko paa la jirani. Likae palipochongwa, kwenye kifusi kamwe.

Sasa kibali. Kwenye miji mingi ya Marekani, kinachoulizwa kwanza ni kina: kanuni za mfano zinazofuatwa huko huhesabu bwawa kuwa la kuwekewa kizuizi likiweza kubeba maji yanayozidi sentimita 61. Tanzania swali la kwanza ni jingine: maji umeyatoa wapi? Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, maji ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Mwenye kuchepusha kijito, kukizuia au kuhifadhi maji yake anatakiwa awe na kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde husika. Kwa watu wa Mgwashi ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Anayekinga mvua ya paa lake kwa matumizi ya nyumbani hana haja ya safari hiyo. Ukitaka kujaza kwa bomba la kijiji, zungumza kwanza na chombo cha watumia maji kinachoendesha mradi, kwa sababu lita 12,500 kwa mkupuo zinaweza kuwakausha walio mwisho wa bomba, na watakufahamu kwa jina kabla ya magharibi.

Ardhi nayo ina wenyewe. Kijijini, msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa hiyo anza kwa mtendaji wa kijiji. Penye eneo lililotangazwa la mipango miji kuna kibali cha ujenzi cha halmashauri. Tena kuna mita 60: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya umbali huo kutoka ukingo wa mto. Kwenye mabonde membamba ya Usambara, mita 60 humeza shamba zima, na hapo ndipo panapozuka ugomvi.

Ukizisoma sheria hizi mfululizo utaona zinahangaikia jambo moja: maji yasiporwe, yasichafuliwe, yasikauke. Zinayalinda maji dhidi ya watu. Kumlinda mtu dhidi ya maji zinakugusa kwa mbali. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amkinge mtoto na hatari za kimwili, lakini hutakuta humo urefu wa uzio. Hata desturi ya zamani ilikwenda njia hiyohiyo. Ndiva, yale mabwawa ya kumwagilia ya Usambara na Upare, hujazwa usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Tope huzolewa kwa kazi ya pamoja, na mtegaji hutozwa faini. Ni kanuni za kugawana maji, na zimeyagawa vizuri.

Uzio basi unabaki juu yako, na wengi huukosea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na watoto wadogo ni sehemu kubwa yao. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono. Mama aliye jikoni anaweza asisikie kitu. Kwa hiyo kizuizi kilizunguke bwawa lenyewe, pande zote nne. Uzio wa boma zima haumzuii mtoto wa nyumba hiyo, naye ndiye aliye karibu zaidi na maji.

Vipimo vinavyotumika nchi nyingi ni kimo cha mita 1.2 kikipimwa kutoka nje, na nafasi kati ya mti na mti isizidi sentimita 10. Uzio wetu wa kawaida ni nguzo zilizopigiliwa fito za kulala, na fito za kulala ni ngazi: mtoto wa miaka mitatu anaipanda kwa raha. Zisimamishe wima, na kama lazima pawe na mbao za kulala za kushikilia, zikae upande wa maji. Mabanzi ya mkaratusi yanafaa, tena ni rahisi kuliko wavu wa chuma. Masale ni mpaka mzuri wa shamba, lakini mtoto hupenya chini yake. Mlango ufunguke kuelekea nje, ujirudie wenyewe (jiwe lililofungwa kwa kamba hufanya kazi hiyo), na komeo liwe juu mkono wa mtoto usipofika. Ukuta wa mita 1.2 wa bwawa lililo juu ya ardhi huhesabiwa kuwa uzio tosha, mradi ngazi ya bwawa iondolewe kila watu wanapotoka. Ndoo iliyofudikizwa pembeni nayo ni ngazi.

Bwawa lililochimbwa na kutandikwa plastiki lina balaa lake: plastiki iliyolowa na kuota ukungu huteleza kiasi kwamba hata mtu mzima akiingia hawezi kujitoa. Funga kamba yenye mafundo kwenye kigingi cha kila upande, ikining'inia hadi majini, au shusha mnyororo wa matairi chakavu.

Kijiji kinaweza kuyafanya haya kuwa sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji huandaa, mkutano mkuu wa kijiji hujadili, kisha baraza la madiwani huidhinisha. Ndivyo Sheria ya Serikali za Mitaa, Na. 7 ya 1982, ilivyopanga. Ningeiandika fupi: bwawa lenye kina kinachozidi goti la mtu mzima lizungushiwe uzio, mlango uwe na komeo, kamba ziwepo. Waliokwisha chimba wapewe hadi mwisho wa kiangazi kinachofuata, miti inapokatika na njia zinapopitika. Na faini isizidi bei ya uzio wenyewe, la sivyo watu watalifukia bwawa au watalificha migombani, ambako halionekani na mtu.