Hoja Tatu za Vita

Khatibu anayetaka umma uridhie vita hana budi kuujibu moyo wa msikilizaji maswali matatu, nayo ni je, tumedhulumiwa, tunaweza, tumeazimia? Katika taarikhi yetu mfano ulio dhahiri ni hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, aliyoitoa baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera, na Amin kutangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera imekuwa milki ya Uganda. Wazee wetu, kuanzia Bukoba hadi Tindiga ya Kilosa, wangali wakiyahifadhi maneno yake: “Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo.”

Tazama mpango wake. Sababu haikuwekwa mbele, kwa kuwa wananchi waliokwisha kusikia habari za Kagera hawakuwa na haja ya kuhubiriwa dhuluma. Kilichowatia wahaka ni kama tunaweza, na jibu la hilo ndilo lililotangulia. Sentensi zilikuwa fupi, zikapitishwa redioni, na umbo lao moja likamfanya msikilizaji aikamilishe ya tatu kabla haijatamkwa. Na anayeikamilisha hoja ya khatibu kwa kinywa chake amekwisha kuikubali. Aidha, adui alikuwa mtu mmoja, Amin, wala si umma wa Uganda.

Miaka 73 kabla yake, mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewaita watu wapigane na Wadachi, alikuwa na hoja zizo hizo. Sababu ilikuwa ya haki, maana watu walilimishwa pamba kwa shuruti na kutozwa kodi. Nia ikapatikana kwa kuyaunganisha makabila yaliyokuwa mbalimbali, hata vita vya Maji Maji vikafika pande za Kilosa. Lakini uwezo ulitegemea ahadi kwamba dawa ya maji ingezigeuza risasi kuwa maji, na tarehe 30 Agosti 1905, mbele ya boma la Mahenge, bombomu za Wadachi ziliikadhibisha ahadi hiyo kwa kuwafyeka watu waliokuja wakiiamini.

Hotuba ya 1978 iliepuka hatari hiyo, kwani uwezo uliotajwa ulithibitika vitani. Hata hivyo ilinyamazia jambo la nne, yaani mwisho wa vita na gharama yake. Kagera ilipokwisha kukombolewa majeshi yetu yalisonga mbele, Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, na wananchi wakaambiwa wafunge mikanda. Huenda kusonga mbele kulikuwa sawa; lakini idhini ya kumfukuza mvamizi na idhini ya kumwondoa mtawala wa nchi nyingine ni idhini mbili, na fasaha ya ile ya kwanza iliibeba ya pili bila kuombwa tena. Basi raia aliyekwisha kuridhika na sababu, uwezo na nia, bado ana haki ya kuuliza tutakomea wapi, na kudai jibu kabla jeshi halijaondoka.