Umeme wa Nyumbani: Yuniti 15 za Kwanza ni za Nani?



Mshahara ukitoka mwisho wa mwezi, huwa una wenyewe kabla haujafika nyumbani: kodi ya nyumba, ada ya shule, deni la dukani, na umeme. Habari ya mshahara tunazungumza na mwajiri kwa njia ya chama. Habari ya kodi tunazungumza na mwenye nyumba. Lakini habari ya umeme wengi wetu tunalipa, tunanung'unika, na hatuulizi kitu. Katika toleo hili tunaeleza jinsi bei ya umeme wa nyumbani inavyopangwa, kwa maana asiyejua hesabu hiyo hulipa zaidi ya anayeijua.

Tuchukue mfano wa Bugolobi, Kampala. Mtaa huu uko mashariki mwa mji, jirani na eneo la viwanda, wala hauko mbali na kituo cha Lugogo kinachopokea umeme kutoka Jinja. Bugolobi yenyewe ina maghorofa na nyumba kubwa zenye mita zake. Ukiteremka kuelekea Kitintale na Luzira, unakuta vyumba vya mstari ambavyo Kampala huitwa mizigo, na humo mara nyingi wapangaji kadhaa hutumia mita moja. Watu hawa ni majirani na umeme wao ni ule ule, lakini bei wanayolipa kwa yuniti moja yaweza kutofautiana sana. Sababu iko katika mita.

NANI ANAUZA, NANI ANAPANGA BEI

Shirika la umeme la Uganda, UEB, liliundwa mwaka 1948, na bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka 2001 shirika hilo liligawanywa sehemu tatu: kuzalisha, kusafirisha na kusambaza. Kazi ya kusambaza ilikodishwa kwa kampuni ya Umeme mwaka 2005 kwa miaka 20. Mkataba huo ulikwisha tarehe 31 Machi 2025, na kuanzia tarehe 1 Aprili kazi ikarudi kwa UEDCL, ambalo ni shirika la serikali.

Anayeuza umeme hapangi bei. Bei hupitishwa na mamlaka ya kusimamia umeme, ERA, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 1999. Mamlaka hii huipitia bei kila robo ya mwaka, ikitazama thamani ya dola, mfumko wa bei na bei ya mafuta. Kwa hiyo karani wa dirishani hana uwezo wa kukupunguzia. Malalamiko ya bei yapelekwe ERA.

NGAZI NNE ZA BEI

Yuniti moja ni umeme unaotumiwa na chombo cha wati 1,000 kikifanya kazi saa 1 nzima. Katika robo ya pili ya mwaka 2025, mtu wa nyumbani alilipa hivi kwa mwezi, kabla ya kodi:

Yuniti 1 hadi 15: shilingi 250 kila moja.
Yuniti 16 hadi 80: shilingi 756 hivi.
Yuniti 81 hadi 150: shilingi 412.
Kuzidi 150: inarudi shilingi 756 hivi.

Juu yake huongezwa kodi ya VAT, asilimia 18. Shilingi zitabadilika robo kwa robo, lakini jambo la kushika ni ngazi zenyewe.

Ngazi ya kwanza ni msaada kwa mwenye kipato kidogo. Ngazi ya tatu iliwekwa ili watu wapikie umeme na kupunguza mkaa. Ngazi ya pili ndiyo inayotuumiza, kwa sababu matumizi ya nyumba nyingi za wafanyakazi huishia hapo.

Hapa ndipo tunapopata jibu la swali linaloulizwa kila mwezi na wanaonunua Yaka: mbona elfu kumi ya leo imeleta yuniti chache kuliko elfu kumi ya mwanzo wa mwezi? Hakuna aliyeiba. Ukinunua mara ya kwanza katika mwezi, elfu kumi ikitolewa kodi hubaki 8,475. Katika hizo, 3,750 hukupa yuniti 15 za bei nafuu, na zinazobaki hukupa yuniti 6 hivi. Jumla ni 21. Ukinunua mara ya pili umekwisha panda ngazi, na elfu kumi ile ile huleta yuniti 11 tu. Ikiwa una deni la zamani linalokatwa, zitapungua zaidi.

MITA MOJA, VYUMBA VITANO

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Yuniti 15 za bei nafuu hutolewa kwa mita. Haziulizi nyuma ya mita hiyo wako watu wangapi.

Tuseme vyumba vitano vinatumia mita moja, na kila chumba kinatumia yuniti 20 kwa mwezi. Jumla ni yuniti 100. Yuniti 15 za kwanza ni shilingi 3,750. Yuniti 65 zinazofuata ni shilingi 49,140. Yuniti 20 za mwisho ni shilingi 8,240. Jumla ni shilingi 61,130.

Kama kila chumba kingekuwa na mita yake, kingelipa 3,750 kwa yuniti 15, na 3,780 kwa yuniti 5, yaani 7,530. Vyumba vyote vitano ni shilingi 37,650.

Tofauti ni shilingi 23,480 kila mwezi. Ongeza VAT, inapita 27,000. Kila chumba kinapoteza zaidi ya shilingi 5,500 kwa mwezi, au 66,000 kwa mwaka. Msaada uliokusudiwa watu watano ameupata mmoja, wakagawana.

Tena hapo tumehesabu kwamba mwenye nyumba anagawa gharama kwa haki. Akitoza kila chumba kiasi kimoja bila kuonyesha risiti, mpangaji mwenye taa moja anamlipia mwenye friji.

TUFANYE NINI

Kwanza, wapangaji wakae pamoja na mwenye nyumba na kuzungumzia mita ya kila chumba. Maombi hupelekwa UEDCL. Waya za nyumba lazima zikaguliwe na fundi mwenye kibali cha ERA. Ulizeni gharama zote ofisini kabla ya kumpa mtu fedha.

Pili, mita ikiwa bado ni moja, kila chumba kiwekewe mita ndogo ya kupimia, na risiti za tokeni zibandikwe mahali pa wazi. Gharama igawanywe kwa yuniti zilizotumika.

Tatu, tutazame vyombo. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka nje usiku kucha, saa 12, hula yuniti 21.6 kwa mwezi. Taa moja ya ulinzi imemaliza ngazi ya bei nafuu na kuvuka! Balbu ya LED ya wati 9 kwa saa hizo hizo hula yuniti 3.24. Jiko la koili la wati 1,500 likichemsha maharage saa 3 hula yuniti 4.5 kwa sufuria moja. Loweka maharage usiku, na funika sufuria. Chemsha maji unayohitaji tu, uyatie katika chupa ya chai. Pasi nguo za wiki nzima kwa mara moja, kwa kuwa kila pasi inapopoa na kuwashwa upya inakula umeme.

Nne, tusidanganyike na habari za saa. Viwanda vikubwa hulipa kwa saa: jioni ni ghali, na baada ya usiku wa manane ni rahisi. Mita ya nyumbani haina mpango huo. Kuamka saa nane za usiku kupiga pasi ni kujinyima usingizi bure.

Tano, tusiunge waya wa wizi. Sheria ilirekebishwa mwaka 2022, na adhabu zimekuwa nzito sana, faini na kifungo. Zaidi ya hayo, waya huo huua watoto.

WENZETU WA MASHAMBA

Wenzetu wanaokaa katika nyumba za mwajiri, kwenye mashamba ya miwa na chai, wana swali lao. Huko Kakira umeme huzalishwa kwa makapi ya miwa, na mwingine huuzwa katika gridi ya taifa. Jasho la mkata miwa limo ndani ya waya huo. Basi popote mshahara unapokatwa fedha za umeme, hati ya mshahara ionyeshe ni yuniti ngapi na kwa bei gani. Jambo hili linafaa kuingizwa katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja.

ERA husikiliza maoni ya wananchi bei zinapopitiwa. Wenye viwanda hupeleka wajumbe wao wakiwa na hesabu mkononi. Matawi yetu nayo yapeleke wajumbe, na hoja ya kwanza iwe hii: msaada wa yuniti 15 umfikie mpangaji wa chumba kimoja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari la kurasa chache. Andikeni tarehe, fedha, na yuniti zilizopatikana. Baada ya miezi 3 lileteni tawini tulinganishe. Tukienda mbele ya mamlaka au ya mwenye nyumba, daftari hizo ndizo zitakazotusemea.