Kununua Gari la Kujiundia: Tambua Kwanza Ekseli ya Mbele

Nova ni gari la kujiundia lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1971. Mnunuzi alipata bodi ya fibaglasi, akaifunga juu ya chesisi ya Volkswagen Beetle iliyokwisha kutumika. Kwa hiyo, mwaka ulioandikwa kwenye hati za gari hauthibitishi aina ya ekseli ya mbele. Vipuri vya aina moja haviingiliani na vya nyingine, na kosa hapa hugharimu fedha na usalama.

Kabla ya kulipa, tunakushauri ukague mwenyewe. Kati ya magurudumu ya mbele utaona mirija miwili iliyokingama, mmoja juu ya mwingine. Pima kutoka katikati ya mrija wa juu hadi katikati ya ule wa chini.

• Takriban milimita 120: aina ya kale ya kingpini, iliyotumika hadi mwaka 1965. Pini zake huhitaji grisi mara kwa mara.

• Takriban milimita 150: aina ya bolijointi iliyofuata. Bolijointi iliyolegea hubadilishwa.

Kisha mwombe fundi ainue gari na kulitegemeza imara, autikise gurudumu juu na chini. Likicheza, kuna uchakavu.

Mwisho, mtake muuzaji aandike aina ya ekseli kwenye risiti. Ukinunua kwa mfanyabiashara nchini Uingereza, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inataka bidhaa ilingane na maelezo yake. Maandishi hayo ndiyo ushahidi wako.