‘Ghost’: Neno ambalo Sam alilisema akiwa ameshaaga dunia

NENO lenyewe ni fupi na kavu. Makarani wa zamani walilitumia katika daftari za hesabu ili wasirudie kuandika jambo ambalo tayari lipo katika mstari wa juu.

Kwa Kiingereza ni ‘ditto’, lililotokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya “lililokwisha kusemwa”. Mhariri akitakiwa kulitia katika Kiswahili, huenda akaandika “vivyo hivyo” au “kama hapo juu”.

Neno hilo la kikarani ndilo lililobeba ‘Ghost’, filamu ya Kimarekani iliyoanza kuonyeshwa Julai 1990 na ambayo hadi leo hutajwa kila panapozungumzwa mapenzi yanayovuka kaburi.

Wengi huikumbuka kwa sababu ya gurudumu la mfinyanzi, wimbo wa taratibu na machozi ya Demi Moore. Hata hivyo, mtazamaji akiifuatilia kwa makini atagundua kuwa uzito wake umeegemea neno hilo moja: nani analitamka, lini, na mbele ya nani.

Hodari wa takwimu

Sam Wheat, anayeigizwa na Patrick Swayze, ni mfanyakazi wa benki jijini New York. Anaishi na mpenziwe, Molly Jensen (Demi Moore), ambaye ni msanii wa ufinyanzi. Wanakarabati makao yao mapya na kila dalili yaonyesha kwamba wataoana.

Kasoro ni moja tu. Molly anapomwambia Sam kuwa anampenda, Sam humjibu kwa neno la daftari: ‘ditto’.

Si kwamba hampendi. Hoja yake ni kuwa watu hulitamka neno la mapenzi ovyo hata likapoteza maana. Molly naye anamweleza kwamba, pamoja na hayo, mtu huhitaji kulisikia.

Usiku huohuo, wakirejea nyumbani baada ya kutazama tamthilia ya ‘Macbeth’, wanavamiwa na jambazi gizani. Sam anakabiliana naye, bastola inalia, jambazi anatoroka na Sam anamfukuza mbio.

Anaporudi, anamkuta Molly amepakata mwili uliolowa damu. Mwili huo ni wake mwenyewe. Mtazamaji, sawa na Sam, hakuwa na habari kwamba kijana huyo alikuwa amekwisha kukata roho.

Baadaye mzuka wa Sam unang’amua kuwa jambazi huyo alitumwa na Carl Bruner, rafiki yake wa kazini, aliyekuwa akipitisha benkini pesa za walanguzi wa dawa za kulevya. Carl alizihitaji nambari za siri za akaunti ambazo Sam alikuwa amezibadilisha. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.

Asili yake ‘Hamlet’

Mwandishi wa filamu hiyo, Bruce Joel Rubin, ameeleza kwamba wazo lilimjia alipokuwa akitazama ‘Hamlet’, tamthilia ya Shakespeare ambamo mzuka wa mfalme unamtokea mwanawe na kumtaka alipize kisasi. Rubin alijiuliza kisa kama hicho kingekuwaje iwapo kingesimuliwa kwa upande wa mzuka.

Swali hilo lilibadilisha mengi. Katika kazi nyingi za sanaa, mzuka ni kitu cha kutisha walio hai. Hapa mtazamaji anawekwa ndani ya mzuka na kuonjeshwa unyonge wake.

Sam yuko chumbani na Molly, anamwona akilia, anamwita, wala hasikiki. Anaweza kupenya mlango uliofungwa lakini hawezi kukishika kitasa chake. Anajua kwamba mpenziwe yumo hatarini, na hana njia ya kumwonya.

Kila aliyefiwa amewahi kujiuliza iwapo marehemu anamwona. Filamu hii inaligeuza swali hilo na kuuliza ni uchungu gani angekuwa nao marehemu kama kweli angekuwa anaona.

Mwelekezi wake, Jerry Zucker, alikuwa akijulikana kwa vichekesho, hususan ‘Airplane!’ ya mwaka 1980. Uzoefu wake wa kuchekesha ulisaidia, kwani kila majonzi yanapokaribia kumlemea mtazamaji, kicheko kinaingia.

Mshenga wa Brooklyn

Kicheko hicho kinaletwa na Oda Mae Brown, nafasi iliyoigizwa na Whoopi Goldberg. Oda Mae ni laghai wa mtaa wa Brooklyn anayejipatia riziki kwa kuwadanganya wafiwa kuwa anazungumza na wapendwa wao. Siku moja, kwa hofu kubwa, anasikia sauti ya maiti kwelikweli.

Kwa desturi zetu tungemwita mshenga. Mshenga hutumwa kwa sababu mchumba mwenyewe hawezi kujisemea, na kazi yake huhitaji kuaminiwa. Masaibu ya Sam ni kwamba mshenga pekee aliyempata ni mtu ambaye polisi wana faili yake ya ulaghai.

Oda Mae anafika kwa Molly na kutaja mambo kadhaa. Molly anakataa kusadiki. Hatimaye mshenga anafikisha tamko rasmi la mapenzi, lile ambalo Molly alikuwa akilisubiri siku zote. Molly anazidi kukataa, maana Sam hakuwa na mazoea ya kusema hivyo.

Ndipo Sam anapomwambia Oda Mae atamke ‘ditto’. Molly anaduwaa.

Hapa ndipo penye kiini cha filamu. Neno lililokuwa upungufu wa Sam alipokuwa hai ndilo linalogeuka kitambulisho chake baada ya kufa. Tamko la mapenzi lingeweza kutolewa na yeyote, hata tapeli. Lile neno kavu lilikuwa lao wawili.

Waliofiwa wanaifahamu hali hii. Anachokikumbuka mjane mara nyingi ni jinsi mumewe alivyokohoa mlangoni, au utani alioukariri kila jioni. Vitu vidogo visivyo na thamani kwa mwingine ndivyo vinavyobaki na sura ya mtu.

Mamilioni na senti moja

Filamu inalithibitisha jambo hilo kwa njia ya pesa. Carl anaua urafiki kwa sababu ya dola milioni nne. Sam anamtumia Oda Mae kuziondoa pesa hizo benkini, kisha anamlazimisha kuikabidhi hundi yote kwa watawa wanaowasaidia maskini. Uso wa Goldberg anapoiachilia hundi hiyo ni mojawapo ya vichekesho bora vya filamu.

Kiasi hicho kikubwa hakimshawishi Molly kwa lolote. Kinachomshawishi ni sarafu ya senti moja.

Oda Mae anaisukuma chini ya mlango. Sam, ambaye amefunzwa na mzuka mkali wa kituo cha treni za chini ya ardhi namna ya kusogeza vitu kwa nguvu ya hisia, anaiinua na kuielekeza hewani hadi mkononi mwa Molly. Hapo ndipo mwanamke huyo anaposadiki kuwa mpenziwe yupo.

Wimbo nao una historia inayolingana na kisa hiki. ‘Unchained Melody’ ulitungwa na Alex North, maneno yakaandikwa na Hy Zaret, kwa ajili ya ‘Unchained’, filamu ya mwaka 1955 kuhusu maisha ya gerezani. Rekodi iliyosikika katika ‘Ghost’ ni ya kundi la Righteous Brothers ya mwaka 1965, iliyoimbwa na Bobby Hatfield.

Kwa hivyo, kabla ya kuwa wimbo wa wapenzi waliotenganishwa na mauti, ulikuwa wa waliotenganishwa na kuta za jela. Mwaka wa 1990 ulivuma upya na kushika nafasi ya kwanza Uingereza.

Sifa na lawama

Filamu hiyo, iliyogharimu dola zipatazo milioni 22, iliingiza zaidi ya dola milioni 500 duniani, na hakuna nyingine ya mwaka huo iliyoishinda kwa mapato. Mnamo Machi 1991 ilitunukiwa Oscar mbili: Rubin kwa uandishi, na Goldberg kama mwigizaji msaidizi bora wa kike.

Goldberg alikuwa mwanamke mweusi wa pili kupata Oscar ya uigizaji, baada ya Hattie McDaniel aliyeipokea mwaka wa 1940. Mwenyewe amesimulia kwamba ni Swayze aliyeshikilia apewe nafasi hiyo.

Hata hivyo, sifa hizo haziondoi lawama. Sam anapotamani kumgusa Molly kwa mara ya mwisho, Oda Mae anamwazima mwili wake. Mara tu wapenzi wanapokumbatiana, kamera inamwondoa Goldberg na kumwonyesha Swayze.

Wahakiki wamehoji, kwa haki, kwa nini mwanamke mweusi autoe mwili wake kwa ajili ya penzi la wengine, kisha asionekane. Aidha, Oda Mae hana penzi lake wala msiba wake katika hadithi nzima. Mshenga ametumwa, amefikisha, akasahauliwa.

Kuachiliana

Tofauti ya ‘Ghost’ na watangulizi wake iko katika mwisho. Katika ‘The Ghost and Mrs. Muir’ ya mwaka 1947, mjane na mzuka wa nahodha wanaungana pale mjane naye anapofariki. Katika ‘Ghost’, Molly anabaki duniani, kijana na mwenye maisha mbele yake. Penzi la Sam linapimwa kwa kukubali kwake kuondoka.

Msomaji wa Kenya huenda akamkumbuka marehemu Profesa John Mbiti. Katika kitabu chake cha mwaka 1969, ‘African Religions and Philosophy’, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza fikra za Kiafrika kuhusu wakati. Aliyefariki, alisema, hubaki katika Sasa maadamu yupo mtu anayemkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho aliyemfahamu, huzama katika Zamani.

Filamu ya Rubin haikutoka katika chemchemi hiyo, lakini jibu lake linakaribiana. Sam haendi kusahauliwa. Anaondoka akiwa amekumbukwa.

Swayze mwenyewe alifariki Septemba 14, 2009, akiwa na umri wa miaka 57, baada ya kuugua saratani ya kongosho. Tangu siku hiyo, anayeitazama ‘Ghost’ anamwona marehemu akiigiza marehemu.

Katika tukio la mwisho, maadui wamekwisha kuangamia na nuru imekuja kumchukua Sam. Kwa muda mfupi Molly anajaliwa kumwona na kumsikia bila mshenga. Sam anatamka kikamilifu kwamba anampenda, na kwamba alimpenda siku zote. Molly, machozi yakimtiririka, anajibu: ‘ditto’.

Karani yeyote atakueleza kuwa “kama hapo juu” haina maana ikiwa hapo juu hapajaandikwa kitu. Miaka yote Molly ndiye aliyeuandika mstari wa kwanza, Sam akatia alama chini yake. Alipouandika yeye, alikuwa amebakiwa na dakika chache tu, nazo zilikuwa za kuazima.

Msomaji aliye hai hana haja ya kungojea kiasi hicho.