Ndege za Karatasi na Njia ya Sayansi

Wasomaji wetu, wengi wenu mmepata kuadhibiwa kwa kurusha ndege za karatasi darasani. Mimi pia. Lakini mchezo huo huo waweza kumwonyesha mtoto jinsi mtaalamu wa sayansi anavyofanya kazi, nao haugharimu ila karatasi.

Sisi tulianza kwa ubishi. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba ndege ikitiwa uzito puani itakwenda mbali zaidi. Mwingine alisema uzito utaiangusha. Makelele hayakumaliza neno. Basi tukakunja ndege moja, tukafunga madirisha ya ukumbi upepo usiingie, tukamchagua mrushaji mmoja. Kila mtu akaandika makisio yake kwanza, maana baadaye wote husema, "Nilijua!" Kisha tukarusha mara tano bila kibanio cha karatasi, mara tano kwa kibanio kimoja, hivyo hivyo hata vitatu, tukipima umbali kwa kanda na kutafuta wastani. Hatukubadili kitu kingine. Ukibadili mabawa na uzito pamoja, utajuaje ni kipi kilicholeta tofauti?

Shida ilikuja ndege ilipogonga nguzo, pua ikapinda. Upande uliokuwa ukishindwa ukataka kipimo hicho kifutwe. Tulikaribia kugombana. Mwisho tukakiacha katika daftari, tukaandika kando yaliyotokea, tukakunja ndege mpya na kuanza tena yote. Chakula cha jioni kilikuwa kimepoa.

Na jibu? Wote wawili walikuwa na haki kidogo. Bila kibanio ndege iliinua pua, ikapoteza mwendo, ikaanguka. Kwa kimoja ilikwenda sawasawa, kwani kitovu cha uzito kilisogea mbele ya mahali hewa inapoyainua mabawa. Kwa vitatu ilipiga mbizi.

Ndugu wawili Wright wa Marekani walifanya kazi kwa njia hiyo. Mwaka 1901, walipoona hesabu walizozitegemea hazipatani na ndege yao, walitengeneza huko Dayton sanduku refu la kupitishia upepo, wakapima mabawa madogo kama 200 ya maumbo mbalimbali. Tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka kwa injini, mara ya kwanza kadiri ya mita 37 tu. Mwaka 2022 ndege ya karatasi ya wahandisi watatu, iliyorushwa kwa mkono huko Indiana, ilikwenda mita 88.318!

Sasa twabishana juu ya karatasi: nzito au nyepesi? Ninyi wanafunzi wa zamani mlio na kumbi ndefu kuliko wetu, jaribuni, kisha mtuandikie vipimo vyenu vyote, hata vile vibaya.