Injini ya pikapu ikinoki: ya mtumba inafaa, ila isilipiwe kabla ya kuzungushwa

Pikapu inayobeba nyanya kutoka Ilula, Iringa, haina muda wa kuugua. Ikilala gereji wiki mbili wakati wa mavuno, matenga yanaozea shambani na mwenye gari anaanza kukopa. Ndiyo maana injini ikinoki, wenye Hilux wengi hawataki hata kusikia habari za ovaholi. Wanauliza moja kwa moja: injini nyingine shilingi ngapi?

Na mara nyingi hawajakosea. Ovaholi ya kweli si kubadilisha ringi tu. Kranki inapelekwa kusagwa, silinda zinachongwa, silinda hedi inapimwa kama ina ufa, halafu kila kitu kinarudi mikononi mwa fundi mmoja ambaye akikosea kukaza boliti chache, pesa yote imepotea. Injini iliyotumika, kwa fundi anayeijua kazi, inashushwa na kufungwa ndani ya siku chache.

Tatizo ni kwamba hakuna anayejua ilivyoishi huko ilikotoka.

Nyingi zinatoka Japani, nyingine zinapitia kwa wauza vipuri wa Sharjah na Dubai. Si zote zilitolewa kwa sababu ni mbovu. Mwaka 2003 Tokyo na majimbo jirani walianza kuzuia magari ya dizeli yasiyokidhi viwango vyao vya moshi, na gari lisiloruhusiwa mjini linauzwa zima au vipande vipande. Injini inaweza kuwa nzima kabisa. Inaweza pia kuwa imetoka kwenye gari lililochemsha mpaka likazima. Zikishaoshwa na kupangwa dukani, zote mbili zinang'aa sawasawa.

Hapo ndipo mnunuzi anatakiwa kuwa mbishi kidogo. Injini izungushwe kwa mkono, kwa spana kwenye boliti ya mbele ya kranki, mizunguko miwili kamili. Ikigoma sehemu moja, iachwe. Kifuniko cha oili kifunguliwe: ute mweupe kama maziwa yaliyoganda maana yake maji yamekutana na oili. Kwenye dizeli za zamani za Toyota, plagi za kupashia joto zikifunguliwa, fundi anaweza kupima mgandamizo wa kila silinda kupitia matundu hayo. Namba kubwa peke yake haitoshi. La muhimu zaidi ni silinda zote nne zikaribiane. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, hiyo ndiyo itakayorudisha gari gereji. Muuzaji anayekataa kipimo hiki amekwishajibu swali.

Aina ya injini nayo inabadilisha hesabu. Familia ya L ya Toyota ndiyo rahisi: 2L ya cc 2,446, 3L ya cc 2,779 na 5L ya cc 2,986 ni ndugu, na mwenye 2L anaweza kupanda hadi 3L au 5L akabaki na gia boksi yake. Pampu ya dizeli kwa kawaida ni ya kimakanika, haina mambo mengi ya kompyuta. Kuna mtego mmoja tu: 3L na 5L zilifungwa pia kwenye Hiace. Ya Hiace ikiletwa kwenye Hilux, bakuli la oili la chini na mikono ya kushikilia injini huenda visikae, kwa hiyo vya injini ya zamani visitupwe.

Kwenye 1KD na 2KD habari ni nyingine. Hizo zinaongozwa na kompyuta. Nozeli, sensa, waya na kontrol boksi vinatakiwa kuelewana, la sivyo injini nzuri kabisa inafungwa na haiwaki. Anayeuziwa "injini tupu" kwa bei ya chini ajue kwamba bado hajamaliza kununua.

Kabla haijaingia kwenye gari, injini ikiwa bado iko chini, ndiyo saa ya kubadilisha mkanda wa taimingi na roli yake, sili ya nyuma ya kranki, pampu ya maji na klachi pleti. Mkanda wa taimingi ukikatika kwenye L, pistoni zinagonga valvu. Hata muuzaji akiapa kwamba ni mpya, ubadilishwe.

Lakini swali ambalo gereji nyingi zinaliruka ni hili: injini ya kwanza iliuawa na nini? Kama ilichemsha kwa sababu rejeta imeziba, rejeta hiyohiyo bado iko pale mbele, inaisubiri ya pili. Tangi lenye uchafu ni hivyohivyo. Kwa zenye turbo, iliyovunjika huacha oili na vipande vya chuma kwenye mabomba ya hewa, na injini mpya itavivuta siku ya kwanza tu. Kusafisha rejeta ni pesa ndogo mno ukilinganisha na injini ya tatu.

Siku ya kuwasha haina haraka. Oili mpya na chujio jipya, hewa itolewe kwenye njia ya dizeli kwa pampu ya mkono, kisha kwa hizi za L waya wa kukata dizeli kwenye pampu uchomolewe na stata izungushe injini kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Ndipo waya unarudishwa na gari linawashwa.

Yakibaki makaratasi, wengi wanajisahau. Kadi ya gari ina namba ya injini. Ikibadilishwa, Tanzania taarifa zinarekebishwa TRA. Kenya mwenye gari anaomba mabadiliko hayo NTSA na gari linakaguliwa. Bila hivyo, matata yataanza kwa trafiki, kwa bima, au siku ya kuuza. Risiti ya duka iandikwe namba ya injini yenyewe, na nakala ya karatasi za forodha iombwe palepale. Iliyokwanguliwa namba isiguswe hata ikiwa nusu bei. Huenda ni ya wizi, na atakayekutwa nayo ndiye atakayeulizwa.

Injini ya zamani nayo isiuzwe chuma chakavu siku hiyohiyo. Stata, alteneta, pampu na mabano yake yatahitajika mara mbili tatu kabla pikapu haijarudi barabarani.