Ukiwekwa benchi, utafanya nini?

Leo nakualika tujifunze kutoka kwenye mchezo ambao huenda hujawahi kuutazama: mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Marekani na Kanada wana ligi yake kubwa iitwayo NHL, na katika kila timu ya ligi hiyo yumo mtu ambaye sisi watu wa kanisani tunamfahamu sana. Ni kipa wa akiba.

Kila mechi timu huvalisha wachezaji 20. Kati yao 18 hupokezana: mtu anateleza kwa kasi kwa muda wa dakika moja hivi, anatoka kupumua, mwenzake anaingia. Makipa ni wawili tu, na hawapokezani hivyo. Aliyepangwa hukaa langoni dakika zote 60, isipokuwa aumie au kocha amtoe. Yule wa pili huvaa mavazi yaleyale mazito, hupasha misuli moto pamoja na wenzake, kisha huketi. Mara nyingi kazi yake usiku huo ni kuwafungulia wenzake kilango cha benchi wanapoingia na kutoka. Mazoezini ndiye hubaki nyuma ili wenzake wapate mtu wa kumpigia mashuti. Na siku akiitwa, huingia palepale, mwili umepoa na uwanja mzima unamtazama.

Mmoja aliyekijua kiti hicho ni Marc-André Fleury. Mwaka 2003 klabu ya Pittsburgh Penguins ilimchagua akiwa wa kwanza kati ya vijana wote walioandikishwa na ligi mwaka ule. Mwaka 2009, yeye akiwa langoni, Pittsburgh ilitwaa Kombe la Stanley. Lango likawa lake miaka mingi. Kisha, mwishoni mwa Machi 2016, akaumia kichwa. Kijana mgeni, Matt Murray, akashika nafasi, na timu ikatwaa kombe. Fleury alipopona, alikuta kiti kina mwenyewe.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Aprili 2017, wakati wa kupasha misuli kabla ya mechi ya kwanza ya mtoano, Murray aliumia. Fleury akaitwa. Akaivusha timu mbele ya Columbus, kisha mbele ya Washington, na ile mechi ya 7 ya kuamua akaimaliza bila kufungwa hata bao moja. Lakini katika raundi iliyofuata, dhidi ya Ottawa, akafungwa mabao 4 katika kipindi cha kwanza cha mechi ya 3. Kocha akamtoa, na Murray, ambaye sasa alikuwa amepona, akarudi langoni. Fleury akarudi benchi hadi timu ilipotwaa kombe tena Juni 11.

Desturi ya mchezo huo ni wachezaji kupokezana kombe, kila mmoja akiliinua na kuzunguka nalo barafuni. Zamu ya Fleury ilipokwisha, mtu aliyemkabidhi kombe hilo ni Matt Murray.

Ndugu yangu, tusimame hapo kidogo. Umeongoza kwaya miaka 10, halafu akaja kijana mwenye sauti nzuri kuliko yako. Ulikuwa katibu wa usharika, na uchaguzi umempa mwingine. Ulizoea kuitwa kuhubiri kila mwezi, na sasa unaombwa kusoma matangazo. Je, unaweza kumkabidhi mwenzako kombe kwa mikono yako mwenyewe, watu wote wakitazama? Au umeanza kukaa viti vya nyuma, ukisubiri akosee wimbo ili useme si niliwaambia?

Biblia inatuonyesha mtu aliyeweza. Yonathani alikuwa mwana wa mfalme Sauli, na kwa hesabu za kibinadamu kiti cha enzi kilikuwa chake. Akaja Daudi, mchunga kondoo. Katika 1 Samweli sura ya 18 tunasoma kwamba Yonathani alivua joho lake akampa Daudi, pamoja na upanga wake, upinde wake na mshipi wake. Katika sura hiyohiyo Sauli anasikia nyimbo za kumsifu Daudi, na wivu unaanza kumla. Baba na mwana walimtazama kijana yuleyule. Mmoja aliona zawadi ya Mungu kwa Israeli, mwingine akaona mwizi.

Hadithi ya Fleury ina sehemu ya pili. Mwaka huohuo ligi iliongeza timu mpya ya Vegas, na kila klabu iliruhusiwa kumlinda kipa mmoja tu asichukuliwe. Mkataba wa Fleury ulikuwa na kifungu ambacho kingeilazimu Pittsburgh kumlinda yeye. Klabu ikamwomba akiachilie, naye akaridhia. Akaenda Vegas, na katika msimu wa kwanza kabisa wa timu hiyo akaifikisha fainali.

Tungependa kila aliyewekwa benchi apate Vegas yake. Lakini tusidanganyane. Matendo ya Mitume sura ya 1 inasimulia jinsi mitume walivyotafuta mtu wa kuchukua nafasi ya Yuda. Walisimamishwa wawili, Yusufu aliyeitwa pia Yusto, na Mathiya. Wote wawili walikuwa wamefuatana na Bwana tangu ubatizo wa Yohana. Kura ikamwangukia Mathiya. Yusto hatajwi tena katika kitabu kile. Hakuwa na kosa lolote. Nafasi ilikuwa moja. Huenda na wewe usiitwe tena. Lakini Mungu aliyemwona Yusto katika miaka yote ile ya kutembea na Yesu hakuacha kumwona siku kura ilipokwenda kwa mwingine.

Na ninyi mnaopanga watu, wachungaji, wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya, mna deni. Fleury aliombwa, akajibu mwenyewe. Ni wangapi kwetu hujua kwamba wameondolewa siku wanaposikia jina la mwingine likitangazwa mbele ya usharika? Mwite mtu pembeni. Mwambie ukweli mapema, mshukuru kwa aliyoyafanya, kisha mpe kazi ya kweli. Kubadilisha watu ni lazima, ila kuwaaibisha hakuna anayewalazimisha.

Wewe uliye benchi wiki hii, njoo mazoezini kama kawaida. Mfundishe yule kijana ile sauti ya tatu inayomsumbua. Mfungulie kilango anapoingia. Ukiitwa ghafla, uwe umevaa tayari. Usipoitwa, ujue kwamba kufungua kilango nako ni utumishi mbele za Bwana.

Leo baada ya ibada, mtafute aliyekaa katika kiti kilichokuwa chako. Mpe mkono, na umwombee kwa jina lake.